Mwisho wa Gemu la Maneno

Leonardi wa Kasingirima alikuwa mwongo. Tuseme hivyo mapema, tusije tukalaumiana mbele ya safari. Hakuwa mwongo wa kudhulumu mtu, la hasha. Hakuwahi kuuza dagaa wenye mchanga wala kuruka neno alilomwahidi mtu. Uongo wake ulikuwa mmoja tu, mkubwa, na aliutunza miaka na miaka kuliko wengine wanavyotunza ng'ombe wao. Alisema anajua Kiingereza.

Watu walimwamini kwa sababu ujanani aliwahi kupika kwenye meli ya watafiti wa samaki, wazungu watupu, mwaka mzima ziwani. Mtu akae mwaka mzima na wazungu asijue lugha yao? Basi ndiyo hivyo. Leonardi alishuka kwenye ile meli akijua kusema asubuhi njema, asante, na chumvi kidogo. Mengine yote alikuwa akiyajibu kwa kutabasamu.

Uongo wenyewe ungekaa kimya tu kama si gemu. Mwaka 2003 alifungua banda la gemu kwenye njia ya kwenda soko la Ujiji. Pleisteshen moja ya mtumba, TV moja ya chogo, pedi mbili zilizozungushiwa tepu ya umeme, mabenchi matatu, na pazia la gunia mlangoni. Vijana wakajaa mpaka wengine wanakaa chini. Kulikuwa na gemu la mpira, na hilo ndilo lililosomesha watoto wa Leonardi. Walilicheza wakitupiana maneno hadi mabenchi yanahama. Kulikuwa na la ngumi, ambalo kila mtu alibonyeza vitufe vyote kwa mpigo halafu akadai ana mbinu. Kulikuwa na la magari. Gari likikata kona kushoto, mchezaji na benchi zima wanalala kushoto. Na kulikuwa na la matofali yanayoanguka, la kuyapanga yasijae. Bingwa wa hilo alikuwa Mwanvua muuza vitumbua, mama wa watu wazima, aliyekuja mikono ina unga, akawafunga vijana midomo mmoja baada ya mwingine, kisha akarudi kwenye karai lake bila kusema kitu.

Halafu kulikuwa na gemu la maneno.

Hilo lilikuja ndani ya bunda la CD bila kuagizwa. Ukiliweka, unamwona mtu mdogo mwenye nywele ndefu nyekundu anatembea. Anatembea weee, anakutana na mzee mnene. Mzee anafungua maneno chini ya kioo, Kiingereza kitupu, mistari kwa mistari. Anatembea tena, anaokota funguo, anapigana na popo, anakutana na mwingine naye ana maneno yake. Vijana walilichukia kama dawa ya minyoo. Siku moja tu, mvua inanyesha na hakuna pa kwenda, mmoja akaliweka, akafika kwa yule mzee mnene, akageuka.

"Anko, huyu anasema nini? Wewe si unajua Kiingereza?"

Leonardi alikuwa na sekunde mbili za kusema ukweli. Akazitumia kukohoa.

"Anasema," akaanza, huku akikaza macho kwenye TV kama mtu anayesoma kweli, "binti, unatafuta nini huku peke yako?"

"Na huyo binti?"

"Anasema, namtafuta mama yangu."

Ikawa imekwisha hiyo. Ukishasema mtoto anamtafuta mama yake, watu hawakuachii. Kesho yake wakamwambia endelea. Leonardi akampa binti jina, Wema. Yule mnene akaitwa Mzee Magunia. Alitafuta kipaza sauti cha redio kaseti iliyokufa, akakiunganisha na spika, akawa anatafsiri kama wale wanaotafsiri sinema kwenye vibanda umiza, Kiswahili na Kiha kidogo cha kuchekeshea. Kila gemu lilipofika mahali fulani, kioo kiliingia giza, akatokea mwanamke mwenye nguo nyeupe amesimama nyuma ya lango la chuma, anafungua mikono yake miwili polepole. Leonardi hakusita hata kidogo.

"Huyo ndiye mama," alisema.

Sasa mlangoni mwa banda kulikuwa na Fébronie. Huyu alikuwa mwanamke wa Kirundi, mjane, aliyeingia Kigoma mwaka tisini na sita na mtoto mmoja mgongoni, Térence, akapokewa na watu wa ukoo waliokaa Ujiji tangu zamani. Aliuza karanga za kuchemsha. Kiswahili chake siku hizo kilikuwa maneno machache ya sokoni, nayo alipoyasema wanunuzi walimwigiza wakacheka. Mwisho akaacha kusema kabisa, akawa anaonyesha bei kwa vidole. Wengine walidhani ni bubu.

Lakini masikio yalikuwepo. Alianza kulisogeza beseni lake la karanga, leo hatua moja, kesho hatua moja, mpaka siku moja likawa ndani ya pazia. Leonardi alimwona. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo akaanza kumwekea neno hapa na neno pale, neno la kwao, halafu hilohilo kwa Kiswahili, ili amshike mkono avuke naye. Hakumwambia mtu. Baada ya miezi mitatu hivi, mchana mmoja Leonardi anafungua banda, yule mama wa kimya akasimama mbele yake akamtazama usoni.

"Baba Pastory," akasema, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, "Wema kafika wapi?"

Kiswahili kimenyooka, hakuna wa kukicheka. Leonardi alifurahi siku ile hadi akasahau kuwasha TV. Tangu hapo, kila siku swali lilikuwa hilo, na kila siku aliwekewa karanga kwenye kikombe cha bati, akila anatafsiri, anatafsiri anakula. Vijana walikuja na kuondoka, wakahamia kwenye mpira wao. Msikilizaji wa kweli alibaki mmoja.

Na gemu lenyewe? Likakwama. Wema alipofika kwenye daraja refu, ng'ambo yake lile lango la chuma linaonekana kabisa, picha iliganda. CD ilikuwa na mkwaruzo. Leonardi aliisugua kwa dawa ya meno, akaiosha kwa sabuni, akaianika, akaipuliza, akaiombea dua. Ikaganda palepale. Akamwambia Fébronie ataagiza nyingine safi kutoka Dar, na alimaanisha, ila huyo wa Dar naye alikuwa wa maneno matupu. Simu za kugusa zikaingia, vijana wakawa na magemu yao mifukoni, mabenchi yakaliwa na mchwa. Mwaka 2012 banda likafungwa, na Wema akabaki darajani.

Miaka kumi na tatu ikapita. Leonardi sasa ana miaka sitini na saba, anauza chumvi, viberiti na sabuni za vipande kwenye kibaraza chake, na magoti yanamsemesha kila akiinuka. Jumatano moja asubuhi Fébronie akaja. Naye mvi zimemjaa chini ya kitambaa. Walisalimiana kwa lugha ya kwao, mwakeye, mwakeye neza, wakaulizana habari za watoto, wajukuu, mihogo, mpaka salamu zikaisha. Fébronie hakuondoka. Akakaa kwenye ndoo.

"Baba Pastory, Jumamosi nasafiri. Nakwenda Rumonge, kwetu Burundi."

"Kusalimia?"

"Kumwona binti yangu."

Leonardi akadhani masikio yamemchezea. Miaka yote ile alimjua Fébronie kama mama wa mtoto mmoja. Hapo mama wa watu akafunguka. Tulipokimbia vita nilikuwa na wawili, akasema. Térence mgongoni, Iradukunda mkononi, miaka mitano. Risasi zilipoanza kule barabarani watu walisukumana, mkono ukachomoka. Alirudi akatafuta, akarudi tena, hadi wenzake wakamburuta. Baba yao alikwisha kufa juzi yake. Alipofika huku hakuwahi kulitamka jina lile mbele ya mtu.

"Mwezi uliopita mama mmoja anayeleta vitenge kutoka kule alimwambia Térence kuna mwanamke Rumonge anatafuta watu wake. Ana kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto. Nililitia mimi hilo kovu, Baba Pastory, kwa sufuria ya maharage. Térence ameongea naye kwenye simu, wametumiana picha. Ni yeye. Ni sura ya mama yangu mzazi."

"Mungu mkubwa!" Leonardi alipiga makofi. "Na wewe umeongea naye?"

"Nimekataa. Sitaki anisikie mara ya kwanza kwenye simu kama tangazo la kupotea kwa mbuzi. Nataka nikiwa mbele yake. Lakini nikifika mbele yake," Fébronie akakunja pembe ya kitenge chake, "nitasema nini? Miaka ishirini na tisa. Naanza na neno gani? Nimemwuliza paroko, ameniambia nisali. Nimesali. Jana nikamkumbuka Wema. Alikuwa amebakiza daraja tu. Wewe ulisema utaagiza CD. Uliwahi kuona mwisho? Walipokutana, alimwambia nini mama yake? Na mama alimjibu nini?"

Haya sasa! Leonardi alihisi ule uongo wake wa zamani umeamka ndani ya kifua, umekaa, unamtazama. Mtu mwingine angetunga hapohapo. Mdomo wake mwenyewe ulikwisha kufunguka ukitaka kutunga. Akaufunga.

"Nipe mpaka Ijumaa," akasema. "Nitalitafuta."

Mjukuu wa dada yake, Nehemia, ni fundi simu mwenye duka pale Mwanga, Kigoma mjini, kijana wa chuo, Kiingereza kimemkaa kama Kiswahili. Leonardi akaenda Alhamisi na koti lake la kanisani. Nehemia alikuwa na kompyuta iliyojaa magemu ya kale, ya miaka hata yeye hajazaliwa. Alimsikiliza babu yake akieleza: nywele nyekundu, mzee mnene, popo, daraja, lango. Akabonyeza, akabonyeza, akamwonyesha picha.

"Hili hapa, babu?"

"Lilelile!" Leonardi karibu aibusu kompyuta.

"Ni refu hili, saa arobaini. Lakini kuna watu wamelimaliza, wakaweka mtandaoni pale walipofikia. Unachukua tu, unaendelea kuanzia hapo." Nehemia akachomeka pedi, na mara Wema akasimama darajani, nywele zake nyekundu zikipepea. Leonardi alitokwa na machozi bila aibu. Alikuwa kama amekutana na mtoto wa jirani aliyepotea siku nyingi.

"Nisomee," akasema. "Nisomee kila kitu."

"Babu, wewe si unajua Kiingereza?"

"Nisomee, bwana!"

Nehemia akasoma. Na alivyosoma, ndivyo Leonardi alivyozidi kudidimia kwenye kiti. Kwanza, Wema hakuwa binti. Alikuwa mvulana, mwana wa mfalme, nywele tu ndizo ndefu. Pili, hakumtafuta mama wala shangazi. Alikuwa akitafuta taji lililoibwa. Tatu, Mzee Magunia aliyekuwa akichekesha watu pale Kasingirima miaka saba alikuwa jemadari, na maneno yake yote yalikuwa ya vita. Na yule mwanamke wa nguo nyeupe nyuma ya lango ni mchawi aliyezamisha mji wa baba yake huyo kijana.

"Lakini anafungua mikono," Leonardi alisema, sauti ndogo. "Anataka kumkumbatia."

"Anarusha laana, babu. Ndivyo anavyorusha. Mwisho wake unampiga upanga mara kumi na mbili, anageuka majivu, gemu limekwisha."

Nehemia alicheka mpaka akashika mbavu. Alipoona mwenzake hacheki akaacha, akauliza kuna nini, akaelezwa yote, na Fébronie, na Rumonge, na Jumamosi. Kijana ana roho nzuri yule. Akafikiri kidogo.

"Rahisi tu. Mwambie walikutana, wakakumbatiana, wakalia. Utakuwa umemfurahisha, nani atajua?"

Leonardi alitikisa kichwa. Kuchekesha watoto wa watu siku ya mvua ni jambo moja. Lakini Fébronie alitaka kuyachukua yale maneno, avuke nayo mpaka wa Burundi pale Manyovu, aende kuyaweka mbele ya mwanawe akiamini kuna mtu amekwisha kuyatumia yakafaa. Yasipofaa je? Yule mama alimpa sikio lake miaka yote ile. Ndugu zake mwenyewe walimwita mzee wa michezo ya kitoto, mkewe alikuwa akimwonea haya mbele za watu, na Fébronie peke yake alikaa akamsikiliza kama anasoma Injili. Leonardi alimshukuru kila siku kimoyomoyo na hakuwahi kumwambia. Sasa shukrani zenyewe ndiyo zije kuwa uongo mwingine?

Usiku ule alilala macho wazi. Ijumaa saa tisa alasiri Fébronie akaja dukani kwa Nehemia, alikoitwa na Leonardi, ameongozana na Térence, amevaa kitenge kipya. Akawekewa kiti mbele ya kompyuta. Alipomwona Wema darajani akaweka kiganja mdomoni.

"Ni yeye," akasema. "Hajazeeka hata kidogo."

Leonardi alikuwa amesimama. Magoti yalimwuma, lakini jambo lile hakuweza kulisema akiwa amekaa.

"Mama Térence, nataka kukwambia neno, na ukimaliza kulisikia unaweza kunitemea mate, ni haki yako. Mimi sijui Kiingereza. Sijawahi kujua. Kila neno la Wema nililitunga mimi. Hata si msichana yule, ni mvulana, anatafuta kofia ya kifalme. Yule mama ni mchawi. Mwisho wake wanauana. Nimekudanganya miaka saba, na nimeogopa kukudanganya leo."

Bodaboda zilipita nje. Térence alitazama viatu vyake. Fébronie alimkazia Leonardi macho, na uso wake ukabadilika polepole, na hasira ikaja, kweli ilikuja, mishipa ya shingo ikasimama.

"Yote?"

"Yote."

"Siku ile Wema alipolala kwenye kichuguu akaota anasukwa nywele na mama yake, nikaenda nyumbani nikalia mpaka asubuhi. Na hiyo?"

"Nilitunga. Alikuwa anapona majeraha tu. Nisamehe."

"Na Kiswahili changu? Nilikipata kwako. Nacho ni cha uongo?"

"Hapana, jamani! Kiswahili ni cha kweli kabisa! Unakisema kuliko mimi."

Nehemia akaponyokwa na kicheko. Térence naye akafuata, akajitahidi kukimeza, kikamshinda. Fébronie aliwageukia amewakunjia uso, halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na alipocheka alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge kipya. "Kofia ya kifalme!" akarudia. "Miaka saba nakesha na mtu anayetafuta kofia!" Leonardi hakujua acheke au asimame vilevile, akabaki amesimama.

Kicheko kilipokwisha, Fébronie alikaa akifikiri. Kisha akasema taratibu.

"Baba Pastory, hawa waliotengeneza gemu, Wema wangu wanamjua?"

"Hapana."

"Kwa hiyo hawana mwisho wake. Mwisho unao wewe tu. Kaa chini unimalizie, nina safari kesho."

Leonardi akakaa. Akachukua pedi, akamvusha Wema daraja lote hadi langoni. Lango likafunguka. Mwanamke wa nguo nyeupe akatokea, mkubwa, akafungua mikono, na kabla hajarusha chochote Leonardi alibonyeza kitufe cha kusimamisha. Picha ikatulia hapo, wawili wanatazamana.

Akaanza. Ile sauti ya banda, ambayo Nehemia hakuwahi kuisikia kwa sababu siku hizo alikuwa mtoto mdogo, ikatoka kwenye kifua cha mzee kama vile jana. Alisema Wema amechoka, viatu vimeisha soli, ana vumbi la nchi saba. Alisema mama yake hakutoka pale langoni siku zote zile. Hakumwacha mwanawe, lango ndilo lilikuwa limefungwa, na funguo hakuwa nazo. Alisema Wema amekua, ni mwanamke mzima, na mama anamtazama akimtafuta yule wa miaka mitano ndani ya sura ile, anamwona kwenye paji la uso, anampoteza, anamwona tena. Alisema Wema ana hasira kidogo, maana mtu akikungojesha sana unakuwa na hasira hata kama si kosa lake, na kwamba mama anaijua hasira hiyo na haiogopi.

"Mama akapiga hatua moja," alisema Leonardi. "Akafungua mdomo. Akasema..."

Alitafuta ndani yake, yule bingwa wa kutunga, aliyetunga popo na wafalme na ndoto za kusukwa nywele, na hakukuta kitu. Aliwatazama wote kwa aibu.

"Hapo sijui, Mama Térence. Nisikudanganye, hapo sijui kabisa. Mimi sijawahi kupoteza mtoto. Sema wewe."

Fébronie alitazama kile kioo. Hakulia. Aliinua mkono akaugusa uso wa yule mtu mdogo mwenye nywele nyekundu kwa kidole kimoja, na akasema kwa lugha ya kwao, kwa sauti ambayo Térence alisema baadaye hakuwahi kuisikia kwa mama yake.

"Mwana wanje, ni jewe."

Mwanangu, ni mimi. Hayo tu. Leonardi, Muha mzaliwa wa Kidahwe, hakuhitaji kutafsiriwa. Térence alitoka nje akasimama kwenye jua akiwa amewapa mgongo. Nehemia alijifanya anatafuta bisibisi.

"Yanatosha hayo?" Fébronie akauliza.

"Yanatosha, mama. Yanatosha na kubaki."

Alipoinuka kuondoka alimshika Leonardi mikono yote miwili. "Murakoze cane," akasema. "Nilifika kwenu sina mdomo. Ukanipa."

"Mimi ndiye wa kushukuru," Leonardi akajibu, na safari hii alilisema, hakulimeza. "Wote walikuja kucheza. Wewe ulikuja kunisikiliza. Ungeacha kuja, ningekuwa mpumbavu anayepiga kelele mbele ya TV. Asante, Mama Térence. Ahsante sana. Nimechelewa kukwambia."

Jumamosi asubuhi gari la Manyovu likamchukua yeye na Térence, na Leonardi hakufanya biashara ya maana siku ile. Aliuza chumvi kwa mtu aliyetaka kiberiti. Jumapili hakwenda misa, kwa kuogopa simu isije ikalia kanisani. Saa kumi jioni ikalia, namba ya nje. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mzee." Sauti ya mwanamke asiyemjua, Kiswahili cha kujikwaakwaa, cha kuokoteza, kilekile cha mlangoni na beseni la karanga. "Mimi ni Iradukunda. Mama amesema nikupigie mimi. Amesema wewe unataka kujua mwisho."

"Nataka, mwanangu. Sema pole pole. Alikwambia nini?"

"Hajasema kitu." Yule binti alikuwa akicheka, au akilia, simu haikuonyesha vizuri. "Alikuwa na maneno yake, Térence ameniambia. Ameshuka kwenye gari, amesimama tu, mdomo wazi, kama bubu. Mimi nikamjua kwa kusimama kwake. Basi nikasema mimi. Mama, ni jewe."

Leonardi alitaka kusema jambo zuri, mtu wa maneno kama yeye, na mdomo ukamgomea. Akasikia nyuma ya simu sauti ya Fébronie ikiuliza, amesema nini, amesema nini huyo mzee? Binti akamjibu mama yake kuwa hajasema kitu, analia.